Umri Kwanza: Mhadhara kuhusu Haki kwa Mtoto Aliyekinzana na Sheria

Waheshimiwa watendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa na wazazi wenzangu mliofika hapa Mbeya kutoka Rungwe, Chunya na Mbarali,

Nimeombwa nieleze misingi na malengo ya mfumo wa haki kwa watoto waliokinzana na sheria, yaani wanaotuhumiwa au kupatikana na kosa la jinai. Wengi wenu mmeshanisikia nikizungumzia umri, na leo naanzia hapo hapo tena, kwa kuwa pasipo umri mengine yote hayafanyi kazi.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinasema kuwa mtoto ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Hakisemi mtu mfupi, wala mtu asiyeota ndevu.

Nikiwa afisa ustawi wa jamii, niliitwa kumwona kijana aliyetuhumiwa kuiba magunia mawili ya viazi. Alikuwa amenizidi kimo, sauti imekwisha kuwa nzito, viganja vimekomaa kwa jembe. Kwenye karatasi aliandikwa kuwa na miaka 19. Nilipomuuliza nani alitaja 19, alisema kwamba alipoulizwa umri alinyamaza kwa hofu, na aliyekuwa akiandika akamtazama juu hadi chini, akajaza. Alikuwa amelala usiku tatu pamoja na watu wazima, mwezi wa Julai, na mnaijua baridi yetu ya Julai. Siku ya nne mama yake alifika, akafungua fundo la khanga, akatoa kadi ya kliniki iliyopauka, imeliwa na panya pembeni, lakini tarehe ya kuzaliwa ilisomeka. Mtoto yule alikuwa na miaka 15 na miezi minne.

Kadi ile ndiyo iliyomtoa kwa watu wazima na kumfikisha katika Mahakama ya Watoto, ambako shauri husikilizwa faraghani, mzazi na afisa ustawi wa jamii wakiwapo, na mtoto mwenyewe akipewa nafasi ya kueleza yaliyotokea. Ndiyo iliyomweka chini ya kifungu cha 119 cha Sheria hiyo ya Mtoto, kinachokataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Isingepatikana, angeshtakiwa kama mtu mzima, na hakimu asingekuwa na sababu ya kudhani vinginevyo.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba tunawalinda wezi, na kwamba vijana watajificha nyuma ya umri. Nimelijibu hili mara nyingi na sichoki kulijibu. Mtoto hasamehewi kwa kuwa mtoto. Anaulizwa alichotenda na mahakama inatoa amri. Tofauti ni lengo: mtu mzima anaadhibiwa, mtoto anarekebishwa ili arudi nyumbani na shuleni akiwa bado ana maisha mbele yake. Ukimfungia na wahalifu waliokomaa, nani atamfundisha, na atafundishwa nini? Mwenye viazi naye atakuwa amepata nini?

Muda unanibana, kwa hiyo mengine nayataja tu. Chini ya Kanuni ya Adhabu, aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na aliye chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa tendo lile halikupasa kutendwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka kumzuilia mtoto kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri iwezekanavyo. Mahabusu ya watoto, wanakozuiliwa wakisubiri shauri, tunayo hapa hapa, na Shule ya Maadilisho ya Irambo, wanakopelekwa kurekebishwa kwa amri ya mahakama, iko mkoani kwetu. Habari zake zinahitaji siku yake.

Ninachowaomba watendaji ni hiki: mtoto wa kata yako akikamatwa, usisubiri siku ya nne. Nenda kwao siku ile ile, uliza cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, na kifike kituoni kabla mtu hajajaza umri kwa kumtazama.