Real Madrid 2023/24: ubingwa uliobebwa na ukuta wa kuungaunga

Haya jamani, kama huko nyuma mnanisikia tuanze. Leo naongelea msimu wa 2023/24 wa Real Madrid na niseme mapema kabisa, watu wakiusimulia ule msimu wanaanza na Bellingham, ni haki yake, kiungo kafunga goli 19 za ligi tena msimu wake wa kwanza Hispania, huwezi kumnyima. Ila mimi naona ligi ile ilibebwa kule nyuma, na kule nyuma ndo kulikuwa wodini.

Angalieni mtiririko. Agosti 10, 2023 ligi haijaanza hata, Courtois anachanika kano ya goti mazoezini. Siku mbili baadae, mechi ya kwanza kule Bilbao, Militão naye goti, kano ileile. Desemba 17 wanacheza na Villarreal, Alaba chini, goti tena!! Kipa namba moja na mabeki wa kati wawili, na kano ile ikichanika ni upasuaji na miezi kibao nje, sio jeraha la kuchua wiki ijayo unarudi. Hapo sijawataja Camavinga na Vinícius walioumia Novemba wakiwa na timu zao za taifa, wala straika Benzema ambaye alishaondoka, na straika aliyeletwa ni Joselu kwa mkopo toka Espanyol iliyokuwa imeshuka daraja.

Dirisha dogo la Januari likafunguliwa kila mtu anasubiri beki wa kati anunuliwe. Hakununuliwa. Kocha Ancelotti akabaki na mabeki wa kati Rüdiger na Nacho, na Tchouaméni ambaye ni kiungo mkabaji akawa anarudishwa nyuma.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri hasa nyie mnaofundisha timu. Februari 10, 2024, Girona anakuja Bernabéu, uwanja wa Madrid, akiwa wa pili kwenye ligi, nyuma kwa pointi mbili tu, na siku hiyo Rüdiger hayupo, Nacho hayupo, yaani hakuna beki wa kati hata mmoja mzima. Ancelotti akampanga Tchouaméni na Carvajal katikati, Carvajal ni beki wa kulia huyo na sio mrefu, na kulia akamweka Lucas Vázquez ambaye kwa asili ni winga. Ukiisoma karatasi ya kikosi unasema leo tunakufa. Zikaisha 4-0. Na hawakujibana golini, walicheza wamepanda, kwa sababu beki wa kuazima ukimwacha apigane vichwa na straika ndani ya boksi unamuua, bora mpira uukabie mbali na yeye, viungo wakimbie, washambuliaji Vinícius na Rodrygo wamtishe mpinzani asipande na watu wengi. Mimi mechi ile naipenda kuliko hata fainali ya Ulaya, nasema kweli kabisa.

Golini nako Kepa aliletwa kwa mkopo toka Chelsea, akaumia akipasha misuli kabla ya mechi na Braga mwezi Novemba, Lunin akaingia ghafla na mapema tu akadaka penati. Mwisho Lunin akachukua nafasi ya Kepa moja kwa moja. Kule Manchester Aprili 17, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya na Manchester City, kwenye matuta akadaka za Bernardo Silva na Kovačić, City nje.

Mei 4 wakamfunga Cádiz 3-0, ndo mechi ya kwanza ya Courtois msimu ule, na siku hiyohiyo Girona akamchapa Barcelona 4-2 hesabu zikafungwa. Msimu ukaisha wana pointi 95, wamepoteza mechi moja tu ya ligi, ile ya Atlético. Goli za kufungwa 26 mechi 38, chache kuliko timu yoyote ya ligi ile, na ukuta ule ule wa kuungaunga!

Ulaya mnajua, fainali Wembley, Dortmund kafungwa 2-0, Carvajal kafungua kwa kichwa, yule yule mfupi. Ila kuna mtu namuonea uchungu mpaka leo, Tchouaméni. Huyu ndo alihama nafasi yake akaenda kuziba pengo miezi na miezi, halafu akaumia mguu kwenye nusu fainali na Bayern, fainali akaikosa. Mkiwataja mashujaa wa msimu ule naomba jina lake liwe juu, juu kabisa.

Haya, nani ana swali?