Faili Lipo: Uhuru wa Kusoma kwa Asiyeona

(Mhadhara kwa walimu, wakutubi na wachapishaji, Mombasa)

Ahsante mwenyekiti. Wazee wangu shikamooni, walimu na wakutubi nawasalimu, na ndugu zangu wachapishaji mliokubali kuja, karibuni sana.

Wengi mmeshanisikia nikisema haya. Nitayasema tena. Mtu akisikia kitabu kimepigwa marufuku humfikiria waziri na orodha yake, au askari mlangoni mwa duka la vitabu. Hayo yapo na tumeyaona. Lakini mimi nina mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye hakuna waziri aliyemkataza chochote. Kitabu cha fasihi kiko dukani, kiko darasani, kila dawati lina chake. Hata yeye anacho, amekishika, anakinusa. Haoni. Niambieni, kwake yeye kitabu hicho kina tofauti gani na kilichochomwa moto?

Kikundi chetu ni cha kujitolea. Wamo walimu wastaafu, wanafunzi wa chuo, fundi simu mmoja, na mama mshonaji anayetushinda sote kwa kuona kosa la herufi. Jumamosi tunageuza vitabu vya wino viwe vya breli, yaani maandishi ya nukta sita yanayosomwa kwa kidole, vya sauti, au vya kusomwa na simu. Tunalaza kitabu kwenye skana ukurasa baada ya ukurasa, kompyuta inajaribu kuzitambua herufi. Sasa, Kiswahili kina ng' yake, na ng' hiyo inategemea ritifaa, kile kialama kidogo cha juu. Mashine inakidhania ni uchafu wa karatasi, inakifuta. Kung'oa inakuwa kungoa. Wewe utalipita neno hilo kwa sababu umelizoea. Mtoto anayejifunza maneno kwa ncha ya kidole anakutana na ngoa, neno lenye maana yake mbali kabisa, ya tamaa na wivu, anarudi nyuma mara tatu na sentensi haimkalii. Katika breli ritifaa ni nukta moja tu, ya tatu katika zile sita. Mama mshonaji anazirudisha nukta hizo moja moja, kitabu kizima.

Najua kuna anayejiuliza, si siku hizi simu zinasoma zenyewe? Zinasoma. Chukua basi simu iliyowekwa sauti ya Kiingereza, uipe sentensi hii: "Mke wake alisimama pale mlangoni." Itakusomea "mke weik alisimama peil mlangoni". Mtoto asikilize kurasa mia mbili za namna hiyo, kisha akalie mtihani sawa na wenzake! Sauti ya Kiswahili ipo, lakini lazima pawe na mtu wa kuiweka, na lazima faili liwe la maandishi. Ukimpa picha za kurasa, simu haina neno la kusoma mpaka herufi zitambuliwe kwanza, na hapo tunarudi kwenye makosa yale yale.

Hapa ndipo ninapokasirika, mnivumilie. Kitabu kinachotoka leo, kabla ya kwenda mtamboni kilikuwa faili. Safi, kila ng' na ritifaa yake. Faili lipo! Limekaa kwenye kompyuta ya mchapishaji, nasi tunamaliza Jumamosi sita kulitengeneza upya kutoka kwenye karatasi. Tuliiandikia nyumba moja ya uchapishaji, sitaitaja. Baada ya miezi minne tukajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Mtahiniwa tuliyekuwa tukimwombea alishafanya mtihani wake.

Mtasema tunakula jasho la waandishi. Hapana, na hili nalijibu kila mahali. Mkataba wa Marrakesh, ule wa kimataifa wa kuwafikishia vitabu wasioweza kusoma chapa, ulipitishwa Juni 2013. Kenya ilijiunga 2017, na marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2019 yakauingiza katika sheria zetu. Taasisi iliyoidhinishwa, isiyotafuta faida, inaweza kumtengenezea nakala mtu asiyeweza kusoma chapa bila kuomba ruhusa, na kubadilishana nakala hizo na nchi nyingine wanachama. Tanzania imo, Uganda imo. Kwa nini riwaya iliyokwisha geuzwa Dar es Salaam ianzwe upya hapa? Nasi nakala zetu tunazipitisha kwenye taasisi ya namna hiyo, hatuzimwagi mtandaoni. Kule Afrika Kusini, wenzetu wa Blind SA, chama cha wasioona, walikwenda mahakamani, na Septemba 2022 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba sheria ya hakimiliki ya 1978, kwa kumlazimisha asiyeona atafute ruhusa kwanza, inavunja katiba. Ruhusa ya kusoma! Jirani yake mwenye macho ananunua kitabu, anakifungua.

Halafu kuna suala la nani anachagua. Yuko mzee mmoja mtaani kwetu, alikuwa opereta wa simu, breli aliisomea utotoni. Kila anayemtembelea humpelekea kitabu cha dini au cha afya. Vimejaa chini ya kitanda, maana breli ni nene: ukurasa wake una mistari kama 25 ya nafasi 40, kwa hiyo kitabu kimoja cha kawaida kinatoka juzuu kadhaa. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, dini ninayo. Nataka riwaya ya upelelezi." Nikampelekea mfadhili ombi hilo, akasema fedha zake ni za vitabu vyenye manufaa. Nani kati yenu amewahi kuulizwa manufaa kaunta ya duka la vitabu? Tukamsomea wenyewe, tukarekodi jioni baada ya jioni. Alikimaliza kwa siku mbili, akanipigia simu saa sita usiku kulalamika kwamba muuaji alijulikana mapema mno. Sijapata kupokea simu iliyonifurahisha kama ile.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Nilitaka kuwasemea watoto wenye macho mazima ambao herufi zinawachezea, nao mkataba unawahusu. Na ramani, na hesabu. Siku nyingine, inshallah. Wachapishaji, ombi langu ni moja: siku kitabu kinapokwenda mtamboni, siku hiyo hiyo nakala ya faili iende kwa taasisi iliyoidhinishwa. Na wengine, tuko sura ya nne ya kitabu cha yule binti wa kidato cha tatu. Jumamosi tunaanza saa tatu asubuhi. Mwenye miwani aje nayo.