Kuutengeneza Uso wa Nyumba kwa Gharama Ndogo Kabla Kiangazi Hakijaisha

Karibu, mtazamaji. Leo tunautengeneza uso wa nyumba, yaani upande ule ambao mgeni anauona akiwa bado amesimama getini, na tutaufanyia kazi kwa fedha kidogo, katika kipindi ambacho familia nyingi zimebanwa: kiangazi kinaelekea ukingoni, watoto wanajiandaa kurudi shuleni, na jioni zinaishia kwenye kukagua viatu, mikoba na madaftari. Sitakuomba utenge wiki nzima, kwa kuwa huenda huna hata siku mbili zinazofuatana. Ninachoomba ukishike tangu mwanzo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hizi ni kusubiri: kusubiri ukuta ukauke, kiraka kishike, rangi ikomae. Kusubiri huko kunaweza kwenda sambamba na safari ya shule, chakula cha mchana na usingizi wa watoto, mradi tu uzipange kazi kwa kufuata muda wa kukauka badala ya kufuata ukubwa wake.

Hatua ya kwanza haihitaji zana. Toka nje, simama getini au ng'ambo ya barabara, kisha piga picha ya nyumba kwa simu yako, kwa sababu jicho la mwenye nyumba limeshazoea mengi ambayo picha itayaonyesha wazi. Katika picha hii unayoiona sasa, ambayo ni ya nyumba yetu kabla ya kazi kuanza, kuna doa la kijani chini ya bomba la kushushia maji ya mvua na ndoo mbili zilizopasuka kando ya kibaraza. Nilipita hapo kila siku bila kuviona. Ondoa kwanza vitu visivyostahili kuwapo, kisha chagua mambo matatu tu ya kushughulikia. Kwa maoni yangu, nyumba nyingi zinapendeza zaidi zikishughulikiwa mlango wa mbele, kuta kwa kuoshwa tu, na njia ya kuingilia, kuliko zikipakwa rangi nusu nusu kila mahali. Kupaka rangi kuta zote ni kazi ya bajeti nyingine, na mara nyingi ukuta ulioonekana kuchakaa hubainika kuwa ulikuwa mchafu tu.

Kuna sababu ya kuifanya kazi hii sasa. Baada ya miezi ya jua, mbao na plasta zimekauka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, nazo rangi na viraka hushika vizuri juu ya kitu kikavu. Rangi nyingi za maji zinahitaji joto lisilopungua nyuzi 10 za Selsiasi wakati wa kupaka na katika saa zinazofuata, hivyo ukichelewa hadi majira ya baridi au ya mvua utakuwa unashindana na hali ya hewa. Soma maandishi ya mkebe wako, maana kila rangi ina mipaka yake.

Hatua ya pili inaanzia juu, kwenye mifereji ya paa, kwa sababu uchafu wote wa juu utashuka chini, na hakuna maana ya kuosha ukuta ambao kesho utachafuliwa tena na tope la majani. Simika ngazi kwa kipimo hiki: kwa kila mita 4 za urefu hadi mahali inapoegemea, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Mtu mzima mmoja aishike chini, na kazi hii isifanywe na mtu aliye peke yake nyumbani na watoto. Zoa majani kwa mkono wenye glavu, kisha mimina ndoo ya maji na uyatazame yanavyokwenda. Maji yakituama katikati, mfereji umelala vibaya. Unatakiwa kuteremka kuelekea kwenye bomba kwa takriban milimita 6 katika kila mita 3, na kwa kawaida kukaza au kusogeza kishikizo kimoja kilicholegea kunatosha. Doa la kijani nililokuonyesha kwenye picha halikutokana na ukuta hata kidogo: kiungo cha bomba kilikuwa kimeachana, na maji yalikuwa yakitambaa ukutani kila mvua iliponyesha. Kama ningeliosha doa lile bila kukirudisha kiungo mahali pake, lingerejea.

Hatua ya tatu ni kuosha kuta, na hapa jioni moja inatosha kwa upande wa mbele. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali na brashi laini yenye mpini mrefu. Paka maji ya sabuni kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu maji machafu yakichuruzika juu ya ukuta mkavu huacha michirizi ambayo ni migumu kuitoa. Kisha suuza kuanzia juu kwenda chini. Penye ukoga wa kijani au madoa meusi ya kuvu, changanya sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na sehemu 10 za maji, paka, acha kwa dakika 10, halafu suuza vya kutosha. Jambo hili nalisema kwa msisitizo: usiichanganye kamwe dawa hiyo na siki wala na dawa nyingine ya usafi yenye amonia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, lowesha kwanza mimea iliyo karibu ili isiungue, na watoto wawe mbali. Wao wana kazi nzuri ya kufanya upande wa pili wa ua, nayo ni kuosha vyungu vya maua kwa sabuni ya kawaida.

Ukuta ukishakauka, nyufa zitaonekana vizuri zaidi. Ufa mwembamba kama unywele wa kichwani unazibwa kwa puti ya nje. Ufa mpana zaidi uchokonoe kwa ncha ya mwiko hadi vumbi na plasta iliyolegea vitoke, ulowanishe kidogo, kisha ujaze mchanganyiko wa sehemu 1 ya saruji na sehemu 3 za mchanga laini, na uendelee kukinyunyizia kiraka maji kwa siku mbili au tatu ili kisikauke haraka na kupasuka upya. Lakini kuna nyufa ambazo hazistahili kuzibwa kabla hazijachunguzwa. Ufa unaopanda kama ngazi kwa kufuata matofali, au unaoingia kidole, au unaozidi kurefuka, ni wa kuonyeshwa kwa fundi anayejua misingi. Ili kujua kama unarefuka, fanya kama ninavyofanya hapa: chora mstari mfupi wa penseli kwenye ncha ya ufa, andika tarehe kando yake, na urudi baada ya mwezi mmoja.

Sasa tufike mlangoni, ambapo ningependa tukae kidogo, kwa sababu hakuna sehemu ya uso wa nyumba inayolipa zaidi kwa gharama ndogo kama mlango. Mlango wenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 90 una eneo la mita za mraba 1.8 kwa upande mmoja. Lita 1 ya rangi nzuri hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwenye sehemu laini, kwa hiyo mikono miwili ya upande wa nje inahitaji chini ya nusu lita. Usinunue mkebe mkubwa. Afadhali fedha hiyo uiweke kwenye brashi nzuri isiyomwaga nywele. Kuhusu rangi yenyewe, chagua uipendayo, ila kama mlango wako unapigwa na jua la mchana kutwa, epuka rangi nyeusi na zinazokaribia weusi, maana hufyonza joto na kuufanya mlango uvimbe malengelenge na hata kupinda.

Kazi hii ndiyo pekee inayodai siku ya mapumziko, kwa kuwa mlango wenye rangi mbichi hauwezi kufungwa, na nyumba haiwezi kuachwa wazi bila mtu. Maandalizi, hata hivyo, yafanye jioni ya siku iliyotangulia. Fungua kitasa kwa bisibisi badala ya kukizungushia tepu, weka skrubu zake ndani ya kikombe kimoja, na uzibe bawaba kwa tepu ya karatasi. Osha mlango, uache ukauke, kisha usugue kwa msasa namba 120 penye maganda na namba 220 mahali pengine, ukifuata mwelekeo wa mbao. Hulazimiki kuiondoa rangi yote ya zamani. Unataka tu ung'avu wake ufifie ili rangi mpya ipate pa kushika. Unapopitisha kiganja, mlango uwe kama ngozi ya peasi, wenye ukavu kidogo usioteleza. Kama nyumba ni ya zamani, simama kabla ya kusugua, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake huwadhuru hasa watoto wadogo. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku katika nyumba mwaka 1978 tu. Ukiwa na shaka, usiisugue ikiwa kavu, na tafuta kwanza kipimo cha risasi au ushauri wa fundi.

Kuna jaribio dogo ambalo limeniokoa zaidi ya mara moja. Chovya pamba kwenye spiriti na uisugue juu ya rangi ya zamani. Pamba ikitoka na rangi, ya zamani ni ya maji na unaweza kuendelea. Pamba ikitoka safi, huenda ya zamani ni ya mafuta, na hapo ni lazima upake praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, kabla ya rangi ya maji, la sivyo itabanduka kama ganda la kitunguu kabla mwaka haujaisha. Praima nayo ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe wake, kwa hiyo ipake mapema wikendi iliyotangulia.

Siku yenyewe, usianze alfajiri. Subiri umande ukauke, mlango uwe kivulini, kisha anza. Zamisha brashi hadi theluthi moja ya nywele zake, igongegonge ndani ya mkebe, na usiifute ukingoni. Kwenye mlango wenye vibao vya mapambo, paka kwanza vibao vya ndani, kisha mbao zilizolala, na umalizie mbao zilizosimama, ukivuta brashi kwa mikupuo mirefu na bila kurudi palipoanza kushika. Hapa nakuonyesha kwa karibu kwenye kona ya kibao: rangi hujikusanya na kuteremka kama tone la nta, na ukiiacha kwa dakika 10 utalazimika kuiondoa kwa msasa kesho. Ipitie kwa ncha ya brashi kavu sasa hivi. Mkono wa kwanza ukiisha, uache kwa saa 4 hivi, muda unaotosha kula, kufua na kusimamia kazi za shule, kisha paka mkono wa pili mapema mchana.

Mlango wangu wa kwanza niliupaka jioni, kwa sababu ndipo nilipopata nafasi, na usiku nikaufunga kwa kuwa sikuwa na namna nyingine. Asubuhi ulikuwa umeng'ang'ania fremu, na nilipouvuta, ukanda mzima wa rangi ukabaki kwenye mpira wa kuzuia upepo. Tangu hapo, jioni ya siku ya kupaka, hukata vipande vya karatasi ya nta ya kuokea na kuvibandika kwa tepu kwenye fremu, pale mlango unapogusana nayo, na huviacha kwa usiku mbili au tatu. Rangi inayoonekana kavu ukiigusa haijakomaa bado; inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kuwa ngumu kabisa, na katika muda huo usiuoshe mlango wala kutundika kitu juu yake.

Mambo mengine mlangoni ni mepesi. Rudisha kitasa baada ya kukisafisha, tia matone ya mafuta kwenye bawaba, na uweke namba ya nyumba yenye urefu wa sentimita 10 au zaidi, katika rangi inayotofautiana na ukuta, ili hata gari la wagonjwa liweze kuisoma usiku. Balbu ya kibarazani iwe ya LED yenye mwanga wa joto, yaani wa manjano kidogo, kati ya 2700 na 3000 kwenye kipimo cha rangi ya mwanga (Kelvini, au K) kilichoandikwa kwenye boksi. Zima umeme kabla ya kuigusa taa.

Hatua ya mwisho ni njia ya kuingilia na bustani. Magugu yaliyo katikati ya mawe ya njia yamwagie maji yanayochemka, kazi ya mtu mzima, yang'oe baada ya siku moja, kisha fagia mchanga mkavu kwenye nafasi hizo hadi zijae. Kwenye vitalu, tandaza matandazo ya vipande vya magome au majani makavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kuyarundika kwenye shina la mmea wala kuyaegemeza ukutani. Hapa watu wengi hukosea kwa nia njema: huinua udongo mpaka unagusa plasta, na unyevu hupanda ndani ya nyumba. Udongo ubaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu la ukuta, hata kama macho yangependa bustani iwe juu zaidi. Vyungu vilivyooshwa na watoto viweke viwili, kimoja kila upande wa mlango, vikiwa na mmea unaoweza kustahimili majira yanayokuja, na hakikisha kila kimoja kina tundu chini.

Rangi iliyobaki ihamishie kwenye chupa ya kioo inayojaa karibu hadi juu, ili hewa ndani yake iwe kidogo. Andika kwenye kifuniko jina la rangi, namba yake na tarehe uliyopaka, na uihifadhi mahali pasipofikiwa na watoto na pasipo na baridi ya kugandisha, kwa kuwa mkwaruzo wa kwanza wa baiskeli mlangoni utakuja, na utahitaji kijiko kimoja tu cha rangi hiyo kuuziba.