Mchango wa Matanga Uanzie Kitandani

(Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wahudumu wa afya wa jamii, viongozi wa makanisa na maafisa wa vyama vya mazishi)

Wazee wetu, mama zangu, vijana wetu, na nyinyi wahudumu wa afya wa jamii mliotoka Seme, Nyando na Muhoroni alfajiri: oyawore. Wenzetu wa Vihiga na Kakamega, mulembe.

Nimeitwa kuzungumza juu ya kumtunza mtu anayekufa. Nitalisema neno hilo wazi, kwa sababu kulizungukazunguka ndiko kunakowaacha wagonjwa wetu peke yao.

Sisi watu wa huku tunajua kuzika. Mtu akifariki leo Manyatta, kabla ya magharibi kuna kamati, mwenyekiti, mweka hazina, kundi la WhatsApp na namba ya kutumia pesa. Kesho yake hema limeagizwa, viti vimehesabiwa, ng'ombe amepatikana, na picha ya marehemu imeshachapishwa kwenye fulana. Binamu aliye Mombasa anatuma, shemeji aliye Qatar anatuma. Siubezi utaratibu huo hata kidogo. Ni undugu wa kweli, na ndio uliotuvusha miaka ile tulipokuwa tukizika kila Jumamosi. Swali langu ni moja. Wiki sita kabla ya hapo, mke wake alipokuwa akimgeuza usiku peke yake, dawa ya maumivu imekwisha na nauli ya kufika Russia, hospitali yetu kuu ya rufaa hapa Kisumu, haipo, kamati hiyo ilikuwa wapi?

Hilo ndilo nililokuja kuomba: kamati ifike mapema.

Wenzetu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa usiopona, wanamtaja sana Cicely Saunders wa Uingereza. Alianza kama muuguzi, akawa afisa wa ustawi hospitalini, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa hayako mwilini tu. Kuna ya moyo, kuna ya jamaa na mifuko, kuna ya roho, na yote huja kwa pamoja. Nyinyi mnaotembelea nyumba mmeyaona. Mzee ana saratani ya umio, amepewa dawa ya kutosha, bado analia usiku. Ukikaa naye unagundua kwamba hati ya shamba iko kwa kaka yake, na binti yake wa kwanza hajazungumza naye tangu aolewe. Hakuna chupa ya dawa itakayolifikia hilo. Anatakiwa mtu wa kuketi, kusikiliza, kisha kumpigia binti simu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa, na wanaoipata ni kama asilimia 14. Kenya tulianza na Nairobi Hospice mwaka 1990. Leo Kisumu tuna hospisi, Nakuru wanayo, Eldoret wanayo, na Kipkaren kuna hospisi ya Kimbilio. Wauguzi wa huko wanafanya kazi kubwa, lakini ni wachache, na mgonjwa wa Kombewa hawezi kumngoja muuguzi mmoja anayezunguka kaunti nzima.

Marekani walipoona pengo hili, baadhi yao waliazima mfano wa dula, yule mwanamke anayekaa na mama mjamzito wakati wa uchungu bila kuwa mkunga. Mwaka 2003 hospisi moja ya New York ilianza kuwafunza watu wa kujitolea kukaa na wanaokufa namna hiyo hiyo. Leo wako wengi, wanaitwa dula wa mwisho wa uhai, na wengine hulipwa. Dula hatoi dawa, hachomi sindano, hapimi ugonjwa. Anamsaidia mgonjwa kusema anachotaka, anaifundisha familia kinachokuja, anakesha, na baada ya kifo anarudi kuwaona waliobaki.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa Kerala kule India, na Kerala mnaijua, kwa maana ndiko Raila Odinga alikofariki Oktoba 2025. Kule, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, majirani katika wilaya ya Malappuram na nyinginezo walijipanga wenyewe: mwalimu, muuza duka, mwanafunzi. Wanafunzwa, wanachanga kidogo kidogo, wanatembelea wagonjwa wa mtaani mwao, na madaktari na wauguzi wanawaunga mkono. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ilitoa sera rasmi ya tiba shufaa, watu wakiwa wamekwisha kutangulia.

Na msidhani haya ni mageni kwetu. Kabla ARV, dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, hazijaenea, akina mama wa makanisa na vikundi vya huku Nyanza waliingia kwenye nyumba ambazo ndugu wa damu walikuwa wamezikimbia wakisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Waliosha, walilisha, waliomba, walifua mashuka. Dawa zilipokuja tulishukuru, na kazi ile ikanyamaza. Baadhi ya akina mama hao wako humu ndani. Wao ndio walimu tutakaoanza nao.

Sasa niseme ya chumbani, maana hapa ndipo hofu ilipo.

Mtu anayekaribia kufa huacha kula. Familia inaogopa, inamshindilia uji, uji unaingia njia ya hewa, anakabwa. Mwili unaofunga kazi zake haudai chakula, kwa hiyo hafi kwa sababu mmemnyima. Kinachomtesa ni mdomo mkavu. Chukua kitambaa laini au pamba, chovya kwenye maji safi, lowesha midomo na ulimi mara kwa mara, kisha pakaa mafuta midomoni. Kazi hiyo mpe mjukuu mkubwa, ataikumbuka kwa shukrani. Mgeuze kila baada ya saa mbili ili asitoke vidonda. Siku za mwisho mikono na miguu hupoa, ngozi hufanya mabaka, pumzi husimama kidogo na kurudi, na koo huweza kukoroma kwa sababu hana nguvu ya kumeza mate. Mlaze ubavu. Mkoromo huo unatutisha sisi tulioketi kuliko unavyomsumbua yeye. Na mzungumze naye hata akiwa kimya. Usikivu unaaminika kuwa miongoni mwa fahamu za mwisho kuondoka, kwa hiyo msianze kugawana mashamba kitandani pake.

Kuna jambo ambalo halisemwi: harufu. Nilimjua mama mmoja Nyalenda aliyekuwa na saratani ya titi iliyopasuka. Wageni walikoma kuja, naye akajua sababu, akaanza kuwaambia watoto wasimkaribie. Muuguzi wa tiba shufaa alielekeza vidonge vya metronidazole, dawa ya kuua bakteria, vipondwe na kunyunyizwa kwenye kidonda kila kinapofungwa upya. Harufu ikapungua, na dada zake wakarudi kuketi naye. Vidonge hivyo si ghali. Mama yule alihitaji mtu mmoja ajuaye kwamba kuna la kufanya, na mwenye ujasiri wa kuuliza.

Kuhusu morfini, ile dawa kali ya maumivu: watu wananinong'oneza kwamba ndiyo inayomaliza mgonjwa. Ugonjwa ndio unaomaliza. Morfini ya maji, ikinywewa kwa kipimo alichoandika mtaalamu, kwa kawaida kila baada ya saa nne bila kungoja maumivu yarudi, humwezesha mtu kulala na kuzungumza na watoto wake. Inafunga choo, hivyo muulizeni muuguzi dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Ng'ambo ya Busia, Hospice Africa Uganda imeitumia tangu 1993, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa mahususi wanaruhusiwa kuiandika. Ningependa kuona wauguzi wetu wa vijijini wakiaminiwa hivyo.

Sasa wosia. Wakubwa humu mnakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui alisema mumewe alitaka kuzikwa Upper Matasia kule Ngong, ukoo wake wa Umira Kager ukasema ni Nyalgunga, kwao Siaya, na mwili ukabaki mochari zaidi ya miezi mitano hadi Mahakama ya Rufaa ilipoupa ukoo ushindi Mei 1987. Alichokuwa akikisema kwa mdomo kilibishaniwa mbele ya taifa zima. Wekeni hilo kando ya tuliyoyaona juzi. Raila alifariki Jumatano, akazikwa Kang'o ka Jaramogi, nyumbani kwao Bondo, Jumapili, kwa sababu alikuwa amesema hataki kukaa, ikiwezekana azikwe ndani ya saa 72, na wa kwake walilijua neno hilo kabla. Umati ulikuwa mkubwa kupindukia, lakini neno la aliyekufa likashika.

Kwa mali, Sheria ya Urithi inakubali hata wosia wa mdomo, mradi usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi na msemaji afariki ndani ya miezi 3. Uliotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili ni bora, na mashahidi hao wasiwe warithi. Msaidieni mgonjwa ataje pia deni la chama, anayemdai, na nani atakaa na mtoto mdogo. Na familia zisiogope kifo cha nyumbani. Mgonjwa aliyejulikana akifia kwake, naibu wa chifu ndiye anayeandikisha kifo na kutoa kibali cha mazishi.

Nimefika kwenye ombi langu kwa maafisa wa vyama. Nimesoma katiba za vyama kadhaa vya mazishi, na zote zinasema fedha hutoka baada ya kifo kutangazwa. Kaongezeni kifungu kimoja: mwanachama, au jamaa yake aliyeandikishwa, akithibitishwa na daktari au muuguzi wa tiba shufaa kwamba ugonjwa wake hauponi, robo ya fedha za msiba itolewe akiwa hai. Inunue dawa, sabuni na godoro, imlipie muuguzi bodaboda, na impe chakula jirani anayekesha. Siku ya mazishi itapungua sufuria chache.

Najua mtakachoniuliza. Akipona je? Mtashangilia, na robo hiyo itahesabiwa kwenye haki yake ya baadaye. Akidanganya? Ndiyo maana cheti kinatoka kwa mtaalamu. Mzee wa ukoo akisema tunamtabiria mtu kifo? Mpelekeni akaketi na mgonjwa alasiri moja, kisha mgonjwa mwenyewe aulizwe mbele yake kama angependa pesa zake zimngoje kaburini. Na wanaokesha wasiwe wanawake peke yao. Wanaume wanaochimba kaburi usiku kucha wanaweza pia kumgeuza mgonjwa saa nane za usiku.

Mikutano mikuu ya vyama vingi huwa Desemba, watu wakiwa nyumbani. Kifungu nimekiandika kwa Kiswahili na Dholuo, na nakala ziko kwa katibu hapo mlangoni.