Joto Limekwenda Wapi?

Walimu wenzangu, wanafunzi, hamjambo.

Kanuni ya leo mnaijua: Q = mcθ. Kiasi cha joto ni tungamo, mara uwezo mahususi wa joto, mara badiliko la halijoto. Kuikariri hakuhitaji hata dakika mbili. Mimi nataka tukae pale mwanafunzi anapomaliza hesabu, akakuta jibu lake halilingani na la kitabu, kisha akaandika "makosa ya kibinadamu" na kufunga daftari. Maneno hayo ningeyapiga marufuku maabara.

Kwanza zebaki. Chukua zebaki yenye nyuzi 60 na maji yenye nyuzi 20, ujazo uleule, uvichanganye. Halijoto itatulia wapi? Wengi watasema 40, katikati. Mjanja mmoja atasema zaidi ya 40, kwa kuwa zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Jibu ni nyuzi 32 hivi. Maji, pamoja na wepesi wao wote, yamepanda kidogo tu, na zebaki ndiyo iliyoshuka sana. Majaribio ya namna hii Fahrenheit, mtengenezaji wa vipimajoto, alikuwa ameshayafanya, lakini aliyeona maana yake ni mwanakemia Joseph Black, aliyekuwa akifundisha Glasgow, Scotland, miaka ya 1760: halijoto ni jambo moja, kiasi cha joto ni jingine, na kila kitu kina kiwango chake cha kupokea joto.

Kiwango hicho ndicho tunachokipima: jouli ngapi, yaani vipimo vingapi vya joto, zinatakiwa ili kilogramu 1 ipande uzi 1. Maji yanadai jouli 4,200. Alumini 900, shaba 390, risasi 130 tu.

Sasa twende mezani. Njia ya kuchanganya inaonekana rahisi mno. Gramu 200 za shaba zinachemshwa majini hadi nyuzi 100, zinahamishiwa haraka kwenye kalorimita, yaani chombo cha kupimia joto, ya shaba ya gramu 100 yenye gramu 100 za maji ya nyuzi 20, unakoroga, unasoma halijoto ya juu kabisa. Mambo yakienda sawa, utasoma 31.6, na hesabu itakupa 390 ya shaba.

Lakini tazameni kile kipande cha shaba kinapotoka kwenye maji yanayochemka. Kimelowa. Tuseme kimebeba gramu 2 za maji, matone machache ambayo hakuna anayeyajali. Gramu 2 za maji hutoa jouli 8.4 kwa kila uzi zinaoshuka. Shaba yetu yote hutoa 78. Yale matone yamejipenyeza kama gramu 21 za shaba ambazo hukuzipima! Jibu lako litapanda kwa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana ni afadhali kukipasha kipande ndani ya mrija mkavu uliotumbukizwa katika maji yanayochemka, ukikipa muda mrefu zaidi.

Kipande kikichelewa njiani, jibu linakwenda upande wa pili. Kimefika na nyuzi 94, wewe umeandika 100. Maji yamepanda kidogo, nawe unaihukumu shaba kuwa haina joto la kutosha. Jibu linashuka. Ukiisahau kalorimita yenyewe katika hesabu, linashuka pia, kwa asilimia 8 au 9. Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea 430 namuuliza habari za matone. Akiniletea 340 namuuliza alipita wapi na kile kipande. Kosa lina mwelekeo, na mwelekeo huo ni ushahidi.

Kuhusu joto linalotorokea hewani, kuna hila ya zamani ambayo mwanafizikia Rumford aliitumia: anza na maji yaliyo baridi kuliko chumba, ili yamalizie juu ya chumba kwa nyuzi zilezile. Nusu ya kwanza yanapokea joto kutoka nje, nusu ya pili yanalirudisha. Haifuti kosa lote, maana maji hupanda haraka mwanzoni na polepole mwishoni, lakini inalipunguza sana.

Njia ya umeme ni safi zaidi, nami naipendelea. Bonge la alumini la kilogramu 1 lenye matundu mawili: hita tundu moja, kipimajoto jingine, pamoja na tone la mafuta ili kipimajoto kishikane na bonge. Bila mafuta kuna hewa katikati, na hewa haipitishi joto vizuri. Hita ya wati 50 kwa dakika 5 inatoa jouli 15,000. Halijoto imepanda nyuzi 15, jibu ni 1,000, kitabu kinasema 900. Hapa mwelekeo unajulikana kabla hujaanza: joto lililopotea limehesabiwa kana kwamba limeingia kwenye bonge, kwa hiyo jibu huwa kubwa mno. Ukizima hita usisome papo hapo. Joto bado linasafiri ndani ya bonge. Subiri kipimajoto kifike kileleni.

Na je, kama huna kitabu cha kulinganishia? Mwaka 1819 Wafaransa wawili, Dulong na Petit, walitangaza jambo la ajabu. Chukua uwezo wa joto kwa gramu, zidisha kwa tungamo la atomu. Alumini: 0.9 mara 27, ni 24.3. Shaba: 0.39 mara 63.5, ni 24.8. Risasi: 0.13 mara 207, ni 26.9. Metali tatu zisizofanana kwa lolote, zote karibu na 25! Kila atomu inachukua takriban mgawo uleule wa joto. Risasi ina namba ndogo kwa sababu kilogramu yake ina atomu chache. Almasi inakataa, inatoa 6 tu, na ukaidi wake ulisubiri hadi Einstein alipoueleza mwaka 1907 kwa nadharia ya kwanta. Tuuache kwa siku nyingine.

Kwa metali za kawaida za maabara, basi, fanyeni hesabu hiyo kabla ya kuniletea daftari. Ukipata 27 kwa bonge la alumini, eleza joto limetorokea wapi. Ukipata 40, kapime upya.