Jina Kwanza, Msikiti Baadaye: Waislamu wa Bulgaria Baada ya Ukomunisti

Assalaamu alaykum, ndugu zangu.

Tuanze na mtoto mchanga. Kwetu akizaliwa, mzee humwadhinia kwenye sikio la kulia, kisha anapewa jina. Waturuki wa Bulgaria nao hufanya hivyo hivyo. Sasa fikirini siku askari wanaingia kijijini na kusema jina lile halipo tena.

Ilikuwa majira ya baridi, mwisho wa 1984 kuingia 1985. Majeshi ya Todor Zhivkov, kiongozi wa kikomunisti wa Bulgaria, yalizingira vijiji vya Waturuki, yakianzia kusini, upande wa Kardzhali. Watu wakaitwa mbele ya meza, na juu ya meza orodha ya majina ya Kibulgaria. Chagua. Bila kitambulisho kipya mshahara hupati, akiba yako ya benki huigusi. Katika miezi michache watu wapatao 800,000 wakawa na majina wasiyoyajua. Hata waliokufa hawakuachwa: baba aliyezikwa zamani alibadilishwa jina kwenye daftari ili mwanawe aitwe mwana wa Mbulgaria. Kusema Kituruki hadharani ni faini. Tohara ni kosa. Walioandamana walipigwa risasi, na miongoni mwa waliouawa ni Türkan, mtoto ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili.

Nawaomba mshike neno moja. Serikali iliyaita mambo hayo "kuzaliwa upya". Hoja yake ilikuwa kwamba hawa ni Wabulgaria waliosilimishwa kwa nguvu na Waothmani, watawala wa Kituruki wa zamani, na sasa wanarudishwa kwenye asili yao. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Bulgaria iliona uamsho wa dini baada ya ukomunisti, jua kwamba Waislamu wa kule walishawahi kulazimishwa uamsho mwingine, kwa mtutu wa bunduki.

Dunia ilikisikia kisa hiki zaidi kupitia mnyanyua vyuma Naim Süleymanoğlu, aliyebandikwa jina la Naum Shalamanov. Mwaka 1986 alitoroka timu yake huko Melbourne, na mwaka 1988 akashinda dhahabu Seoul chini ya bendera ya Uturuki na kwa jina lake. Wenzake wasiokuwa na medali walisubiri hadi Mei 1989, walipoandamana. Zhivkov akawafungulia mpaka, na zaidi ya watu 300,000 wakavuka kwenda Uturuki kabla Uturuki yenyewe haijaufunga mwezi Agosti. Tumbaku ikabaki shambani bila wa kuichuma. Novemba 10, Zhivkov akaanguka.

Je, walipopata uhuru walidai nini kwanza? Majina. Desemba 29, 1989 chama tawala kilikubali kuyarudisha, na siku chache baadaye, Januari 4, 1990, Ahmed Dogan, mwanafalsafa aliyekuwa amefungwa, akaanzisha chama. Hakukiita cha Waislamu wala cha Waturuki. Alikiita Harakati ya Haki na Uhuru. Katiba ya 1991 ilipopiga marufuku vyama vya kikabila na kidini, wapinzani walikwenda mahakamani kutaka kifutwe. Mwaka 1992 Mahakama ya Katiba ikakiacha. Kwa viti 24 tu bungeni kikawa ndicho kinachoamua nani aunde serikali. Mimi naona jina lile ndilo lililokiokoa, na lilisema kweli: watu wale walikuwa wananyimwa haki kabla hawajanyimwa msikiti.

Dini ilirudi pia. Misikiti ikafunguliwa, madrasa zikaanza. Lakini dola haikuondoa mkono wake. Nedim Gendzhev, mufti tangu enzi za wakomunisti, aliondolewa mwaka 1992 na nafasi yake ikachukuliwa na Fikri Sali. Serikali ilipobadilika, ikamtambua Gendzhev tena. Kesi ikafika Strasbourg, na mwaka 2000 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema Bulgaria imevunja uhuru wa dini. Inauma kuona waumini waliookoka balaa lile wakigombea mihuri ya ofisi.

Ukitaka kuuona uamsho wenyewe, nenda Ribnovo, milimani Rhodope, kwa Wapomak, Waislamu wanaosema Kibulgaria. Harusi zao ni za majira ya baridi. Bibi harusi hupakwa uso wote rangi nyeupe nzito, kisha hubandikwa vipande vya kumeta vya rangi, kimoja kimoja, mpaka uso unakuwa kama bustani. Hafumbui macho mpaka imamu aombe dua. Wakomunisti waliipiga vita desturi hii. Wazee wakaihifadhi vichwani, wakairudisha.

Wapomak hao, ukiwauliza ni kabila gani, mmoja atasema Mbulgaria, mwingine Mturuki, wa tatu atakujibu: Mwislamu, basi. Na wengi wao wana majina mawili hadi leo. Moja ni la kazini na mjini Sofia. La pili ndilo bibi yake analomwitia akimtaka aje kula.