Amri ya "Toa Sauti" Inavyowaharibia Waimbaji wa Kike: Mhadhara Uliotolewa Tanga

Shikamooni mama zangu na shangazi zangu mlioketi mbele. Na nyinyi wadogo zangu wa vikundi vya taarabu na kwaya, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie namna mwimbaji wa kike anavyojizoeza sauti mseto, yaani ile inayounganisha sauti ya kifua na sauti ya kichwa pasipo kuacha ufa katikati. Kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kunisikia, sitarudia habari za pumzi na namna ya kusimama. Nitakwenda moja kwa moja kwenye amri inayowaharibia koo, nayo ni ile ya "toa sauti!"

Mwimbaji anapoimba noti za chini, msuli ulio ndani ya nyuzi za sauti ndio unaotawala. Huzifanya nyuzi ziwe nene na fupi, na sauti huwa nzito, karibu na ile ya mazungumzo; hiyo ndiyo sauti ya kifua. Anapopanda, msuli mwingine ulio upande wa mbele wa zoloto, kile kisanduku cha sauti kilichomo kooni, huzivuta nyuzi hizo zikarefuka na kuwa nyembamba, na hiyo ndiyo sauti ya kichwa, zikatetemeka kwa kasi zaidi, hata akifika noti ya A iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda huwa zinagongana mara 440 kwa sekunde. Sauti mseto haina msuli wake wa tatu. Ni misuli hiyo hiyo miwili inayopokezana kazi, mmoja ukilegea kadiri mwingine unavyokaza. Kwa wanawake wengi makabidhiano hayo huanza mahali fulani kati ya E na A juu ya C ya katikati, na hapo ndipo viitikio vyetu vingi vinapokaa. Sasa mwimbaji akifika hapo akaamriwa atoe sauti, afanye nini? Huongeza pumzi na kung'ang'ania sauti ya kifua, msuli wa kwanza ukakataa kulegea, zoloto ikapanda, kidevu kikainuka, na sauti ikakatika mbele ya watu.

Nililiona hili kwa karibu katika mazoezi ya kikundi kimoja huko Ngamiani, hapa hapa Tanga, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna somo lote. Binti aliyekuwa akiongoza alikuwa na sauti nzuri sana ya chini, lakini kila alipofika kwenye kiitikio mishipa ya shingo ilimsimama, na kiongozi wake, mtu mwenye nia njema kabisa, alizidi kumhimiza aongeze nguvu. Walipopumzika, mtoto wake mchanga alilia, naye akamchukua akaanza kumbembeleza kwa wimbo ule ule wa mazoezi. Alipita palepale palipomshinda, noti zile zile, ki (kimo cha wimbo) ile ile, na sauti yake haikukatika hata kidogo. Nikamwomba arudie kiitikio kwenye kipaza sauti kwa kiasi kile kile cha kubembeleza. Mpiga kinanda aliacha kupiga ili asikilize. Baadaye, kwa wiki kadhaa, aliongeza sauti kidogo kidogo, na kila alipoona shingo inaanza kukaza alirudi nyuma. Hakufundishwa kitu kipya. Aliruhusiwa kuimba bila kutumia nguvu mpaka misuli yake ikazoea kupokezana. Nguvu huja mwisho, na viongozi wa vikundi wanaozitaka nguvu siku ya kwanza ndio wanaotuletea wanawake wenye sauti zilizokwaruzika kabla ya wakati wao.

Najua litakaloulizwa: mbona Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na Bi Shakila wetu, mzaliwa wa Pangani, waliimba bila haya yote? Ndugu zangu, waliokosa jina la kitu hawakukosa kitu chenyewe. Sikilizeni rekodi za zamani za taarabu ya Tanga kwa makini, mtasikia wanawake wanapanda bila kupiga kelele, sauti inakuwa nyembamba na kali lakini haiachani na maneno. Na yule atakayesema kwamba hii ni mbinu ya kigeni, nitamjibu kwamba Manuel García, Mhispania aliyefundisha uimbaji London, alipotumia kioo kidogo cha daktari wa meno mwaka 1854 kutazama nyuzi za sauti zikifanya kazi kooni mwake mwenyewe, alichokiona ni kiungo ambacho kila mmoja wenu anacho. Koo halina uraia.

Tuje kwenye zoezi. Anzeni juu, kwa sauti nyepesi ya kichwa, mkishuka kwa kuteleza hadi kwenye kifua, kwa maana ukianzia chini utabeba uzito wa kifua na kupanda nao. Fanyeni hivyo kwa midomo inayotetemeka, au kwa mrija uliotumbukizwa kidogo kwenye glasi ya maji, kwani hewa inayozuiliwa mdomoni husukuma kurudi nyuma na kuzipunguzia nyuzi mgongano. Mapovu yakitoka kwa mfululizo ulio sawa, pumzi yenu iko sawa. Yakiruka ghafla, hapo ndipo mlipokaza. Baada ya hapo imbeni "mu" na "ni", na "ma" iwe ya mwisho kabisa.

Kuhusu hiyo "a" lazima nisisitize, kwa sababu vitenzi vyetu vingi vinaishia nayo na watunzi wanapenda kuiweka kwenye noti ya juu kabisa. "A" iliyopanuliwa mdomo wote huivuta sauti ya kifua juu. Ielekezeni kidogo kwenye "o", kiasi cha msikilizaji kutotambua, kwani watu wetu huja kwenye taarabu kusikiliza maneno, na mwimbaji anayeyapoteza maneno ili aokoe noti amewanyima walichokifuata.

Muda umenitupa mkono, kwa hiyo mengine nayataja tu. Wapiga vinanda, shusheni ki imfae mwimbaji, kwani kibonyezo cha kuishushia mnacho. Msikwaruze koo kwa kukohoa kabla ya kupanda jukwaani. Kunyweni maji mapema, tangu asubuhi. Na anayekaa na sauti ya kukwama zaidi ya wiki tatu asiendelee kubugia tangawizi, bali amwone daktari wa masikio, pua na koo, kwa kuwa vinundu kwenye nyuzi za sauti havionekani kwa kufungua mdomo mbele ya kioo cha nyumbani. Nilikusudia pia kusema juu ya makabidhiano ya pili, yale ya karibu na E ya oktava inayofuata, lakini hayo ni ya waimbaji wa soprano, wenye sauti ya juu kabisa ya kike, nao nitabaki nao peke yao.

Wenye mirija wasimame. Tunaanzia juu, polepole, na atakayeninyanyulia kidevu nitamsimamisha.